Kona ya Dada: Kabla ya Kulaumu Mikono Yako, Angalia Matundu ya Tufe



Wiki hii natanguliza swali la binti wa Karatina, kwa sababu linawahusu wengi wenu, wadogo zangu, ambao mkishuka Nairobi hamtosheki bila kupita Village Market kule Gigiri kucheza bolingi. Kwa ufupi ameandika hivi: mjomba wake amerudi kutoka Marekani na kumletea tufe alilokuwa akichezea huko. Lina matundu matatu. Yeye binti hucheza kwa mikono miwili, mtindo aliojifunza kwa kutazama video, na dole gumba haliingizi tunduni. Akitumia matufe ya ukumbini, pini zinaanguka angalau kiasi. Akitumia la mjomba, mara linakata kona mapema na kuishia mtaroni upande wa kushoto, mara linamponyoka kabla hajafika mstarini. Anauliza: "Dada, huu mtindo si wangu? Nirudi mkono mmoja?"

Usirudi, mdogo wangu. Mjomba amekuletea zawadi ya upendo, lakini ni zawadi iliyopimwa kwa mkono wake yeye. Tufe la bolingi si kama mpira wa miguu ambao timu nzima yaweza kuuchezea. Tufe linatobolewa kwa vidole vya mtu mmoja na kwa namna anavyoliachia. Ukilitumia kwa vidole vingine na mtindo mwingine, unakuwa unapigana nalo kila unapolirusha, na hapo hata bingwa angeonekana mwanafunzi.

Hebu kwanza tuelewane mikono inafanya nini, maana wanaoiga kwenye simu hudhani tufe linarushwa na mikono yote miwili kwa pamoja. Halirushwi hivyo. Ukiwa mtu wa mkono wa kulia, vidole viwili vya kulia, cha kati na cha pete, ndivyo vinavyoingia matunduni. Mkono wa kushoto unalishika tufe kwa mbele, unalisindikiza linapokwenda nyuma na linaporudi, kisha unaachia mwishoni kabisa, tufe likikaribia usawa wa kifundo cha mguu. Kazi ya mwisho ni ya vidole viwili peke yake. Na kwa kuwa hakuna dole gumba la kuchomoka kwanza, kiganja kinakaa chini ya tufe muda mrefu zaidi na vidole vinapata nafasi ya kulizungusha kwa nguvu. Wachezaji wazuri wa mtindo huu hulizungusha kwa kasi inayozidi mizunguko 400 kwa dakika. Mzunguko huo ndio unaolifanya tufe likate kona kali karibu na pini, na ndio huohuo unaolipeleka mtaroni kama kitu chochote kati ya mkono wako na tufe hakijakaa sawa.

Wale wanaowaambia kwamba mikono miwili ni uchezaji wa watoto, waambieni habari za Jason Belmonte. Huyu ni Mwaustralia wa Orange, mji wa bara ulio mbali na Sydney. Wazazi wake walikuwa na ukumbi wa bolingi, naye akaanza kusukuma tufe kwa mikono miwili akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, kwa sababu mkono mmoja usingeliweza. Alipokua hakuacha. Walikuwako waliosema anadanganya, ingawa sheria haikumkataza. Leo ana mataji makubwa 15 katika ligi ya kulipwa ya Marekani, PBA, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia. Osku Palermaa wa Finland naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuingiza mtindo huu katika mashindano makubwa. Kwa hiyo mama akisema unacheza kitoto, mwonyeshe video za hao.

Nawaambia hasa wasichana, maana mmeniuliza kama mtindo huu ni wa wanaume. Sivyo hata kidogo. Mwenye mkono mdogo ananufaika zaidi, kwa kuwa hahitaji kunyoosha kiganja kutoka dole gumba hadi vidole viwili juu ya tufe lisilomtosha. Umbali huo, ambao humpa taabu kila mwenye vidole vifupi, kwako haupo. Vinabaki vidole viwili tu. Lakini kwa kuwa ni viwili tu, matundu yake hayana msamaha: yakiwa mapana kidogo au yameinama vibaya, hakuna dole la tatu la kukuokoa.

Sasa tuje kwenye matufe ya ukumbini. Hayo yametobolewa kwa makadirio, kwa mtu anayeingiza vidole mpaka kifundo cha pili na dole gumba zima. Isitoshe, tufe likiwa zito, matundu nayo huwa makubwa, kwa kudhani kwamba anayebeba uzito huo ana mkono mkubwa. Binti mwenye vidole vyembamba akichukua la pauni 14 kwa sababu mikono miwili inamwezesha kulibeba, vidole vyake vinaelea humo ndani. Kinachofuata kinajulikana. Vidole vinajikunja na kubana ili tufe lisianguke. Ukibana vidole, mkono mzima unakaza mpaka kiwiko. Mkono uliokaza hauachii kwa wakati, unalivuta tufe kuelekea mwilini, na kwa mtu wa kulia hiyo ndiyo safari ya kwenda mtaro wa kushoto. Siku nyingine jasho likiingia, kubana kunashindwa, na tufe linakutoka mapema na kuanguka kwa kishindo kinachofanya ukumbi mzima ugeuke.

Ukifika kwenye kabati la matufe, usianze kwa kuangalia namba wala rangi. Ingiza vidole viwili, tufe likiwa limekaa juu ya kabati, na ulikumbatie kwa mkono wa pili. Tafuta lile ambalo vidole vyako vinaingia mpaka kifundo cha kwanza tu na kukwama kwa upole, nyama ikigusa ukuta wa tundu pande zote bila kuumia. Ndiyo, mara nyingi litakuwa jepesi kuliko ulilozoea, pengine la pauni 9 au 10. Lichukue hilohilo. Legeza vidole, lilaze kiganjani, libembeze mara chache ukiwa umesimama. Kama huhitaji kubana, umepata. Tufe jepesi linalokaa vizuri vidoleni litaangusha pini nyingi kuliko zito unalong'ang'ania, hata kama kaka zako wanakucheka kwa kubeba la watoto.

Kuhusu uzito, mnapenda kuniuliza lile kadirio la sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Ni pa kuanzia, si amri. Mwenye kilo 55 ataangukia karibu pauni 12. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni pauni 16, yaani kilo 7.26, sawasawa na tufe wanalorusha wanaume katika riadha, na hakuna anayewalazimisha kufika huko. Mimi naangalia kifundo cha mkono: tufe likifika chini kabisa, kabla tu ya kuliachia, kikilala kuelekea nyuma kwa kuelemewa, punguza pauni moja. Mkono wa kushoto unasaidia kubeba njiani, lakini hapo mwishoni haupo tena, na uzito wote unakabidhiwa mkono mmoja.

Haya, turudi kwa tufe la mjomba. Lina mambo mawili yanayokusumbua, mdogo wangu, na ni vizuri kuyatenganisha.

La kwanza ni matundu. Yale mawili ya vidole yalipimwa kwa vidole vyake, na zaidi ya upana, kila tundu lina mwinamo wake: laweza kuelekea kiganjani, kuelekea nje, au kusimama wima kuelekea katikati ya tufe. Mwinamo wa mtu anayetumia dole gumba unazingatia jinsi mkono wake unavyonyooka juu ya tufe. Kwako wewe kiganja kinakaa mahali pengine kabisa, kwa hiyo vidole vinaingia kwa pembe ambayo havikukusudiwa. Ndiyo maana linakuponyoka. Tundu la tatu, lile la dole gumba, lina shida yake nyingine. Kama una ndoto ya kushindana rasmi, jua kwamba tangu Agosti 2020 sheria za shirikisho la Marekani, USBC, haziruhusu tundu lolote lisilotumiwa kushikia tufe. Tundu la dole gumba ambalo dole haliingii linahesabiwa kuwa tundu la kusawazisha uzito, nalo limepigwa marufuku. Kwa mchezo wa Jumamosi na marafiki hakuna atakayekuuliza, lakini usijizoeze kwenye kifaa ambacho kesho utaambiwa ukiache nje.

Dawa ipo. Matundu ya zamani huzibwa kwa gundi ya rezini inayoganda kuwa ngumu, yanasawazishwa, kisha yanatobolewa upya mawili tu kwa kipimo chako. Ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kazi hiyo. Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu sana. Kuna waliokwisha kufufua mashine za kahawa zilizokuwa zimekatiwa tamaa. Hata hivyo nawaomba msiwapelekee tufe la bolingi na kuwaambia watoboe kwa keekee ya mbao. Tufe ni mviringo, halishikiki vizuri bila kibano chake maalumu, na mwinamo wa tundu ukipotea kwa nyuzi chache, kidole ndicho kitakachovimba. Pia ganda linaweza kupasuka.

Kama kuna ndugu yuko ughaibuni na yuko tayari kukununulia jipya, nina njia ambayo haihitaji wewe kuwapo. Matundu ya vidole kwa kawaida hayakai wazi; huvalishwa vipira laini vinavyoshika ncha za vidole, na vipira hivyo huuzwa kwa saizi nyingi zinazopishana kidogo sana. Kwa hiyo fundi wa huko anaweza kutoboa matundu mawili ya kipimo cha kawaida cha vipira, akaacha kati yake ukuta wa kama milimita 6, halafu akakufungia saizi tatu au nne za vipira. Ukilipokea Nyeri, unavijaribu mpaka upate vinavyokukaa. Kipira kikichakaa unakivua na kuvalisha kingine. Mwambie ndugu yako neno hili moja mapema kabisa: tundu la dole gumba lisitobolewe. Fundi asipoambiwa atatoboa matatu kwa mazoea.

Na umtumie fundi huyo video. Mwombe rafiki akurekodi ukirusha, mara moja akiwa nyuma yako na mara moja akiwa ubavuni. Baada ya kurusha, tufe likirudi kabla hujalifuta, piga picha pete za mafuta zilizobaki juu yake. Pete hizo zinamwonyesha fundi tufe lako linazunguka kwa mhimili upi, na mtu wa mikono miwili mara nyingi mhimili wake hautokei pale fundi anapoutarajia kwa mtu wa mkono mmoja. Humo ndani ya tufe mna kiini, uzito wenye umbo lake maalumu, na juu ya ganda kuna nukta ndogo ya rangi inayoonyesha kichwa cha kiini kilipo. Matundu yakitobolewa nukta ikiwa umbali wa inchi 3 hadi 4 kutoka kwenye mhimili wako, tufe linayumba sana linapozunguka, kila duara likigusa leni kwa sehemu mpya ya ganda ambayo haina mafuta, na kona inakuwa kali. Nukta ikikaribia sana mhimili au ikiwa mbali nao, kuyumba kunapungua na tufe linatulia. Wewe mwenye mzunguko mwingi tayari, huhitaji fundi akuongezee fujo. Mwambie unataka tufe tulivu. Wauzaji wanapenda kuwauzia vijana tufe kali kuliko yote dukani, na hapo ndipo pesa za ndugu yako zinapopotea.

La pili linalokusumbua ni ganda. Leni ina urefu wa futi 60 kutoka mstari hadi pini ya mbele, yaani zaidi kidogo ya mita 18, na upana wa kama mita moja. Sehemu ya mbele, mara nyingi karibu futi 40, hupakwa mafuta. Iliyobaki ni kavu. Tufe linateleza kwenye mafuta na kukamata kwenye ukavu. Lakini katika kumbi za burudani, watu wakicheza mchana kutwa, mafuta hupungua na kusukumwa huku na kule. Ukija jioni na tufe la rezini, ganda lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili likamate leni yenye mafuta mengi, halipati cha kutelezea. Linakamata mapema, linakata kona, linaingia mtaroni. Yale ya ukumbini ni ya plastiki, hayakamati sana, ndiyo maana yanakutii.

Lipapase la mjomba kwa kidole. Likiwa linakwaruza, lilisuguliwa ili likamate mapema. Wengi hukimbilia kuling'arisha liwe kama kioo wakidhani litakuwa rahisi. Kwa mkono wenye mzunguko mwingi linaweza kuwa gumu zaidi: tufe lililong'arishwa linateleza mbali, halafu linageuka ghafla, na ukikosea kidogo tu mwanzoni, mwishoni umekosea sana. Lenye ganda lililosuguliwa kwa wastani linaanza kupinda taratibu na kuendelea hivyo hadi mwisho, unaliona linakokwenda. Kwa hiyo kama utanunua jipya, ushauri wangu ni tufe lenye ganda la yurethani, au la rezini dhaifu lenye kiini cha umbo sawa pande zote. Ukifika ukumbini ukakuta leni imekauka kabisa, tumia plastiki bila aibu.

Nanyuki na Nyeri, nina neno lenu peke yenu. Mwezi wa saba sisi huamka na ukungu mpaka saa nne, na vidole vinasinyaa kwa baridi. Ukipimwa vidole asubuhi ya namna hiyo, alasiri ukumbini Nairobi, baada ya kurusha kwa saa moja, vimevimba na vipira vinakubana. Pima vidole vikiwa na joto, baada ya kuvitumia. Kisha beba utepe: kipande kimoja ndani ya tundu siku ya baridi, unakitoa vidole vikijaa. Wanaochuma chai kule Othaya na wanaokamua ng'ombe kila siku vifundo vyao huwa vinene kuliko ncha, kwa hiyo wachague kipira kinachoruhusu kifundo kupita halafu kikashika ncha, badala ya kupima kwa ncha peke yake. Tufe lenyewe halipendi joto la kubadilika ghafla. Usiliache kwenye buti la gari juani, usiliweke karibu na jiko kulipasha. Nyufa huanzia hapo kwenye ukuta mwembamba kati ya matundu mawili.

Mgongo nao usiusahau. Mtindo huu unamlaza mtu ubavu na kumpinda kiuno kuliko mkono mmoja. Hatua za mwisho pia hubadilika, kuna kuruka kidogo kabla ya kuteleza, kwa sababu mkono wa kushoto ukiwa bado kwenye tufe mabega hayawezi kufunguka kama kawaida. Hatua hizo zifanyie mazoezi nyumbani kwenye nyasi bila tufe, polepole, mpaka miguu izizoee. Ukisikia maumivu kiunoni yasiyoisha kesho yake, pumzika na umwone daktari kabla ya kurudi.

Kijana wa Embu, wewe umeuliza kama ni lazima kununua matufe mawili, maana la kukata kona halikusaidii kuangusha pini namba 10, ile ya pembeni kulia inayobaki peke yake. Si lazima. Nunua moja la straiki, yaani la kuangusha pini zote kwa mrusho wa kwanza, na kwa spea, yaani pini zinazobaki, tumia la plastiki la ukumbini, ukilichagua kwa vidole kama nilivyoeleza. Simama upande wa kushoto wa leni, elekeza mabega kwenye pini yenyewe, na mkono wa kulia uwe nyuma ya tufe badala ya ubavuni, vidole visilizungushe bali vilisukume. Wenzetu wa mikono miwili wengi wanapoteza alama hapo, kwa kuwa wanarusha spea kwa mzunguko uleule wa straiki na tufe linapinda kushoto kabla ya kuifikia pini.

Wa Meru mlioniuliza kuhusu viatu, na kwa nini soli ya mguu mmoja inateleza na ya mwingine haitelezi, swali lenu nimelipokea. Zamu yenu ni toleo lijalo.